Tuoteshe Maua Yetu kwa Mbegu

Mtu apandaye mche amefanya jambo jema, lakini amefanya nusu ya kazi. Nusu nyingine, iliyo ngumu zaidi na iliyo bora zaidi, ilifanywa na mtu ambaye jina lake halikutajwa: yule aliyeokota tunda, akatoa mbegu, akaifukia, akainywesha maji, kisha akangoja. Nia yangu katika insha hii ni kumtetea mtu huyo, na kukushawishi wewe msomaji ujiunge naye. Nasema wazi tangu mwanzo ili tusidanganyane: nataka kila shule ya Kenya ioteshe kwa mbegu vichaka vya maua yenye harufu nzuri, tena vichaka vya nchi hii vilivyo kijani mwaka mzima, na nataka kazi hiyo ifanywe na wanafunzi wenyewe, si na mkoba wa fedha.

Sisi ni watu wa kupenda sherehe. Tarehe 13 Novemba 2023 Serikali iliwapa wananchi siku ya mapumziko ili wapande miti, kwa kuwa mwaka uliotangulia taifa lilikuwa limejiwekea lengo la miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Sina ugomvi na lengo hilo, wala na siku hiyo. Lakini miche haianguki kutoka mawinguni kama mvua ya mawe. Kila mche uliotiwa shimoni siku ile ulikuwa umelelewa kitaluni miezi mingi. Wengi waliobeba majembe asubuhi ile hawakujua mche wao ulitoka kwa mti gani, wala mbegu yake ilifananaje. Walikuwa kama mtu aalikwaye arusini, akala pilau, akasifu mapishi, asijue mpishi ni nani. Taifa lijualo kupanda miche tu, wala halijui kuotesha mbegu, litakuwa mteja wa vitalu vya watu milele.

Yamkini wewe wajiuliza, mbona nachagua vichaka vya maua badala ya miti mirefu ya mbao? Sababu yangu ni hii. Mti wa mbao una watetezi wengi, maana una bei. Kichaka kina watetezi wachache. Hukatwa ili kupisha njia, huchomwa ili kupisha shamba, hung'olewa ili kupisha ua wa kigeni. Mimi napenda kumtetea asiye na wakili.

Chukua mfano wa mti mdogo ambao Wakikuyu na Wakamba huuita mukawa, Wajaluo huuita ochuoga, Wamaasai huuita olamuriaki, na Wakipsigis huuita legetetwet. Katika vitabu vya miti jina lake la Kiswahili huandikwa mtandamboo. Mti wenye majina mengi namna hii si mgeni. Ni mwenyeji aliyejulikana na kila nyumba. Una miiba mikali, na majani magumu yang'aayo ambayo hayapukutiki yote kwa pamoja, bali hubaki matawini mwaka mzima. Maua yake ni madogo, meupe kwa ndani na mekundu hafifu kwa nje, yameshikamana katika vishada, na harufu yake hukumbusha asumini. Baada ya maua huja matunda ya mviringo ambayo kwanza huwa ya kijani, kisha mekundu, mwisho meusi ya rangi ya zambarau. Na yakiiva huwa matamu. Mtaalamu wa mimea Peter Forsskål aliukuta mti huu Uarabuni, akafa huko Yemen mwaka 1763. Na kitabu chake kilichochapwa mwaka 1775 kiliupa jina la Kilatini lenye maana ya mti unaolika. Watoto wachungaji wa nchi hii hawakuhitaji Kilatini kulijua hilo.

Sasa shuka pwani. Huko mna mkilua, mti mdogo ambao maua yake yana harufu ya kuvutia mno, na wanawake wa Kiswahili wameyavaa kwa vizazi vingi kuwa manukato na pambo. Makao yake ya asili ni misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Mwaka 1970 Bernard Verdcourt, mtaalamu aliyepata kufanya kazi Nairobi katika hifadhi ya mimea iliyokaushwa, aliutangaza kwa wataalamu wa dunia. Hakuupa jina la mfalme wala la tajiri. Alilitwaa jina la Kiswahili kama lilivyo, akalifanya jina rasmi la ukoo wake. Tena jamaa zake wa karibu kabisa hawapo katika Afrika. Wako ng'ambo ya bahari, katika nchi za joto za bara la Amerika. Basi tafakari, msomaji: mti ambao katika bara letu zima hauna nduguye wa karibu, umepewa jina la lugha yetu, nao waota pwani yetu. Je, shuleni kwako uko?

Kama haupo, tutazame kilichopo. Lugha yetu ina hekima yake. Ua ni uzio, na ua ni kile kichanuacho tawini; maneno mawili, mlio mmoja, kana kwamba wazee walitaka tukumbuke kwamba uzio wa boma wapaswa kuchanua. Lakini zunguka shule nyingi utakuta ua wa namna nyingine. Utakuta lantana, ambayo asili yake ni nchi za joto za bara la Amerika. Ililetwa iwe pambo, ndege wakala matunda yake, wakaitawanya, nayo ikatoroka bustanini ikavamia malisho. Majani yake huwadhuru ng'ombe wayalao, na katika sehemu za Afrika Mashariki vichaka vyake vimekuwa maficho ya mbung'o. Au utakuta thevetia, yenye majani membamba na maua ya manjano mfano wa kengele. Nayo pia ni kijani mwaka mzima, nayo pia ni ya ukoo mmoja na mukawa. Lakini mbegu zake zina sumu iushikayo moyo. Haya ndiyo maajabu yetu: tumemng'oa ndugu ambaye tunda lake huliwa, tukampanda binamu yake wa mbali ambaye tunda lake huua, tena tukampanda kando ya njia wapitayo watoto. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tumeuacha mbacha, na msala tulioufuata una sumu.

Najua majibu yatakayotolewa. Nimeyasikia kwa walimu wenzangu na kwa wanafunzi wangu, nami sitayakimbia.

Wa kwanza husema: mbegu hukawia. Ni kweli, hukawia. Mbegu za mukawa huchukua wiki kadhaa kabla hazijachomoza. Za mkilua huweza kuchukua muda mrefu zaidi. Mkilua ni wa ukoo wa mstafeli na mtopetope, na mbegu za ukoo huo zina kiinitete kidogo sana kilichozungukwa na akiba kubwa ya chakula kigumu. Kiinitete hicho hakina budi kukua kwanza ndani ya ganda kabla hakijatokeza nje. Basi kukawia kwake si uvivu, ni matengenezo. Lakini nataka kumwuliza mlalamikaji: wewe wakaa miaka mingapi katika shule ya sekondari? Mbegu ifukiwayo katika muhula wako wa kwanza itakuwa mche imara kabla hujaingia darasa la pili, na ua wa kujivunia kabla hujaondoka. Asiyeweza kungoja mbegu miezi michache atangojaje malipo ya elimu yake, ambayo hukawia zaidi ya mbegu yoyote? Subira huvuta heri, na hakuna mwalimu wa subira aliye bora kuliko tuta lenye mbegu.

Wa pili ni mwerevu zaidi. Husema: kwa nini nihangaike na mbegu hali naweza kukata tawi, nikalichomeka ardhini, likashika? Simlaumu mtu achomekaye tawi pale ambapo hapana njia nyingine. Asumini yetu tuipendayo, ile ya vikuba na mashada, mara chache sana huzaa mbegu. Kama si matawi ingekuwa imepotea. Lakini jua unachofanya uchomekapo tawi. Hukuzaa mti mpya. Umerefusha maisha ya mti ule ule. Ukichomeka matawi mia ya mti mmoja, huna miti mia. Una mti mmoja uliosimama mahali mia. Udhaifu wa mmoja ni udhaifu wa wote. Ugonjwa ukipata mlango wa kumwingilia mmoja, umepata ufunguo wa nyumba zote.

Hili si tisho la bure. Viazi hupandwa kwa vipande vya viazi, wala si kwa mbegu. Kwa hiyo shamba lote huwa ni mmea mmoja uliorudiwarudiwa. Katika Ireland, maskini walitegemea sana aina moja ya viazi. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu uliingia mashambani, ukakuta adui asiye na silaha mbili, na katika njaa iliyofuata watu wapatao milioni moja walikufa. Mbegu haifanyi hivyo. Kila mbegu ni mtoto wa baba na mama, nayo ina urithi wake peke yake. Katika miche mia ya mbegu, mmoja utastahimili kiangazi, mwingine utastahimili wadudu, mwingine utatoa maua mengi kuliko mama yake. Tawi hukupa jana. Mbegu hukupa kesho.

Wa tatu hunena kwa sauti ya mtu mwenye njaa: harufu nzuri hailiwi. Tumepungukiwa na unga, nawe watuhubiria maua! Namheshimu mtu huyu, maana umaskini si mzaha. Lakini hesabu yake ina kasoro. Harufu haikuumbwa ili kutupendeza sisi; ni tangazo la mti kwa nyuki na vipepeo, na palipo na nyuki maharagwe na maboga hupata faida. Mukawa hulisha kwa matunda yake, hulinda shamba kwa miiba yake, na huvutia nyuki kwa maua yake. Uzio wa waya hufanya moja tu ya kazi hizo tatu, tena hununuliwa, na hushika kutu.

Tena kuna jambo zito zaidi, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mizizi ya mukawa ni dawa. Wafugaji wameitia katika mchuzi wa nyama tangu kale, na waganga wengi huitumia. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa wataalamu wa Kenya ulioonyesha kwamba maji yaliyotolewa katika mizizi hiyo yalivizuia virusi vya herpes maabarani. Sikutajii hayo ili ukachemshe mizizi; dawa ina wenyewe, na kipimo chake si cha kubahatisha. Nakutajia ili uone hatari. Atakaye tunda huuacha mti ukiwa hai. Atakaye mizizi huuchimba mti kutoka chini. Kila sifa mpya ya mizizi ni jembe jipya linaloelekea msituni. Wachimbao ni wengi. Wafukiao mbegu wako wapi? Mkulima alaye mbegu yake ya akiba twamwita mpumbavu, lakini sisi sote twala akiba ya msitu, kisha twajiita wajanja.

Yuko atakayenijibu kwamba misitu ina walinzi na sheria. Ni kweli, na hakuna mfano bora kuliko makaya ya Wamijikenda, misitu mitakatifu ambayo wazee waliilinda kwa miiko, hata mwaka 2008 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Nawavulia kofia wazee wale. Lakini mwiko huzuia mkono usikate. Haufundishi mkono kuotesha. Tukiwa na wazee wakatazao tu, na vijana wasiojua kuotesha, msitu utabaki kama kisiwa kinachomegwa na maji kila mwaka. Ulinzi bila mbegu ni kuchelewesha msiba, si kuuondoa.

Wa nne husema: kazi hii ina wataalamu wake, mwanafunzi ataijulia wapi? Jibu lake lilitolewa zamani na wanawake wa vijijini. Mwaka 1977 Wangari Maathai alianzisha harakati ambazo baadaye zilijulikana kwa jina la Green Belt Movement. Mwanzoni aliwaendea wasimamizi wa misitu awaombe mafunzo kwa ajili ya wanawake wale, na mafunzo yakawa magumu kupita haja. Basi akawaambia wanawake watumie akili waliyotumia kupanda mahindi na maharagwe maisha yao yote. Wakakusanya mbegu za miti ya kwao, wakaziotesha katika vyungu vilivyovunjika na makopo makuukuu, na kila mche ulioshika ulilipwa fedha kidogo. Hawakuwa na vyeti vya misitu, lakini miti ilishika. Mwaka 2004 Maathai alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Ikiwa mama asiyejua kusoma aliweza, wewe usomaye kitabu hiki una udhuru gani? Na ukihitaji utaalamu zaidi, Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya iko Muguga, nayo kazi yake mojawapo ni mbegu za miti.

Ili usiniambie kwamba nimehubiri bila kufundisha, haya ndiyo yakupasayo. Okota matunda ya mukawa yaliyoiva hata yakawa meusi, tena uyaokote katika vichaka mbalimbali, si kimoja, ili watoto wasiwe wa mama mmoja. Yaache mengine mtini. Ndege nao ni wapandaji. Yaponde matunda ndani ya maji, ondoa nyama na ule utomvu mweupe unaonata, kisha anika mbegu kivulini, si juani. Usiziweke kabatini ukazisahau. Zifukie zingali mpya. Tengeneza tuta la udongo laini uliochanganywa na mchanga, ufukie mbegu kwa kina kidogo tu, kiasi cha unene wake mara mbili, na juu yake utandaze nyasi kavu. Mwagilia kwa utaratibu asubuhi na jioni. Mbegu huuawa na mafuriko kama inavyouawa na kiu. Zikianza kuchomoza, ondoa nyasi, jenga kivuli chepesi. Miche ikipata majani kadhaa, ihamishe katika makopo yaliyotobolewa chini. Kisha punguza kivuli kidogo kidogo, ili mche uzoee jua kabla haujakutana nalo peke yake. Masika yakifika, ipande mahali pake.

Mingine itakufa. Usifiche vifo hivyo, viandike. Andika tarehe uliyofukia, idadi ya mbegu, siku ilipochomoza ya kwanza, na idadi ya zilizobaki. Daftari hilo ni somo la hesabu, la sayansi, na la ukweli kwa pamoja. Mwanafunzi aliyehesabu mbegu mia akapata miche arobaini amejifunza jambo ambalo aliyepewa mche tayari hatalijua kamwe: kwamba kila mti uliosimama umesimama badala ya wengi ambao hawakusimama. Mtu aliyelijua hilo hachukui panga kwa wepesi.

Kwa hiyo siombi mengi. Naomba kila shule iwe na tuta moja la mbegu, refu kama kitanda cha bweni, na kila kidato cha kwanza kikabidhiwe tuta hilo. Naomba ua wa sumu ung'olewe hatua kwa hatua, na mahali pake upandwe ua ulioota mikononi mwa wanafunzi: mukawa bara, mkilua pwani, na kwingineko kichaka chochote chenye harufu ambacho wazee wa mahali wanalijua jina lake. Naomba kwamba siku ya kupanda miti ijapo, shule isitume gari kununua miche, bali itembee hatua hamsini hadi kitaluni kwake, na ikiwezekana iwagawie majirani.

Nawe, msomaji, usingoje mwalimu mkuu asome insha hii. Muulize babu au nyanya yako mahali mukawa uliposimama alipokuwa mtoto. Huenda atakuonyesha kichaka kimoja kilichosalia kando ya mto, au atakuonyesha nyumba, au barabara. Ukionyeshwa kichaka, ngoja matunda yaive, uchukue mbegu zako. Ukionyeshwa barabara, basi umejua kazi yako ni ya haraka kiasi gani. Maua hayahitaji kusifiwa na sisi ili yanukie. Yahitaji tu mtu mmoja ayafukie ardhini kwa wakati wake. Mtu huyo asipokuwa wewe, msomaji, nitajie ni nani.